Ninunue injini ipi ya Noah yangu, na nimwambieje shemeji?

BARUA

Maalim, asalaam alaykum, na shikamoo.

Mimi ni dereva, naishi Wete, Pemba. Nina Toyota Noah ya 2003, AZR60, injini yake ni D4, hii inayopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na giaboksi ni otomatiki. Asubuhi napeleka watoto wa skuli, baada ya hapo natafuta abiria wa Chake, na usiku akitokea mgonjwa mtaani kwetu mlango unaogongwa ni wangu. Nyumbani hatuna pato jengine.

Tangu kabla ya Ramadhani gari ilikuwa inakunywa maji. Kila alfajiri nafungua rejeta naikuta imepungua, naongeza maji ya kisima, nikitazama chini sioni hata tone. Nikasema maadamu inakwenda, iende. Mwezi uliopita natoka Chake na abiria saba, tumeanza kupanda kilima, mshale wa joto ukapanda na sisi. Nikajipa moyo kwamba nitafika. Sikufika. Injini ilizima njiani, na tangu siku hiyo ikiwaka inatetemeka, inatoa moshi mweupe, kisha inazima. Giaboksi nayo ilianza vituko kabla ya hapo: ukitia D inachelewa kushika, na ukiwa na mzigo injini inanguruma lakini gari haiongezi mwendo.

Fundi wangu alifungua kava ya tapeti, akatazama, akasema injini imekufa, nitafute nyengine. Basi nimetafuta, na sasa nina njia nne na kichwa kinaniuma.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni dalali Kariakoo. Ameniletea picha kwa WhatsApp: injini ya D4 pamoja na giaboksi yake, ziko mtaa wa Gerezani, Dar, vyote kwa sh. 1,600,000. Muuzaji anasema ikifika isipowaka nirudishe. Shemeji ananihimiza nitume pesa leo leo kwa sababu kuna mtu wa Morogoro anaitaka.

Pili, kuna mfanyabiashara Mwanakwerekwe, Unguja. Ana Noah kama yangu iliyogongwa nyuma na ikapinda vibaya, lakini anasema injini inawaka. Anataka sh. 2,100,000 kwa injini peke yake.

Tatu, fundi wangu ananishauri niachane kabisa na D4, nitie 2AZ ya 2.4 kutoka kwenye Ipsum. Anasema itakuwa na nguvu vilimani na sitasumbuka tena.

Nne, rafiki yangu wa Chake ana Noah ya zamani, ile SR40, bodi imeoza kwa kutu lakini injini yake ya 3S ni nzima. Ananipa kwa laki sita kwa urafiki.

Pesa nilizonazo ni sh. 2,800,000. Ndani yake mna thamani ya bangili mbili za mke wangu, alizozitoa bila ya mimi kumuomba. Nimemwandikia kuwa ni deni. Ndiyo maana naogopa kukosea. Na nikimkataa shemeji, nitakuwa nimemkataa kaka wa mtu aliyenipa bangili zake.

Nishauri kama mwanao.

Dereva wa Noah, Wete

JAWABU

Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu, na pole sana.

Hizo pesa mrudishie mkeo azihifadhi, na usimtumie mtu hata laki moja ya kushika nafasi mpaka umejua nini kilichoiua injini uliyonayo. Nimeona gari nyingi, Unguja na Pemba, zikifungwa injini nzuri nyuma ya rejeta mbovu ile ile, na ile nzuri ikafa kabla deni lake halijalipwa. Mtu wa Morogoro akiichukua, aichukue. Injini za D4 zinaletwa kila siku.

Dalili zako zinasema mengi. Maji yanapungua na chini hakuna tone, joto linapanda kilimani, halafu unatoka moshi mweupe. Maji hayo yalikuwa yanaingia kwenye silinda, na mara nyingi yanapitia kwenye gasketi ya silinda hedi, kile kizibo kilicho baina ya bloku ya injini na hedi inayoifunika juu. Injini za ukoo wa AZ, yaani 1AZ, ambayo ndiyo hiyo D4 yako, na 2AZ ambayo ni kubwa yake, zina bloku ya alumini. Boliti zinazoikaza hedi zinashika kwenye nyuzi zilizochongwa ndani ya alumini hiyo. Injini ikichemsha mara kwa mara, nyuzi zinalegea na hatimaye zinang'oka pamoja na boliti, hasa zile za upande wa nyuma. Hedi inanyanyuka kidogo sana, gasketi inaachia, maji yanapata njia. Kasoro hii ya AZ inajulikana nchi nyingi, na ina tiba: tundu linachimbwa upya, inatiwa bushi ya chuma yenye nyuzi, hedi inaskimiwa, yaani uso wake unasawazishwa kwa mashine, halafu inafungwa gasketi mpya na boliti mpya.

Fundi aliyefungua kava ya tapeti tu hakuweza kuliona hilo. Pale juu anaona kamshafti na rangi ya oili, basi. Mwombe kwa adabu aing'oe hedi, umlipe kazi yake, na wewe uwe umesimama hapo. Tazama boliti zinavyotoka: iliyotoka na uzi wa alumini umejizungusha juu yake imejieleza. Pitisha kidole kwenye kuta za silinda zote nne. Kama ni laini, na krankshafti inazunguka kwa ufunguo bila ya kukwama, injini yako huenda inatibika kwa pesa ndogo kuliko zote ulizonitajia. Kama huko Pemba hakuna mwenye mashine ya kuskimu, hedi peke yake inabebeka. Utavuka nayo kwenda Unguja na kurudi nayo. Kama kuta zimekwaruzika kiasi cha kunasa ukucha, au pistoni imeyeyuka ukingo, hapo tuzungumze kununua.

Na giaboksi uifanyie hivyo hivyo. Chomoa kijiti chake cha oili, uifute kwenye kitambaa cheupe. Oili ikiwa nyekundu au kahawia hafifu lakini imepungua, kuchelewa kushika kunaweza kuwa ni kiu tu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zimekwisha. Ikiwa ni kama chai ya maziwa, basi maji ya rejeta yameingia humo, kwa sababu kipoza oili cha giaboksi kimo ndani ya tangi la rejeta; na hapo umeijua sababu ya vyote viwili kwa mara moja.

Tuseme vimefunguliwa na vimekufa kweli. Sasa bahari inaingia kwenye hesabu yako, na ndiyo inayonifanya nikujibu tofauti na ambavyo ningemjibu mtu wa Temeke. Mtu wa Temeke akinunua injini Gerezani ikawa mbovu, anaikodia guta na kuirudisha jioni ile ile, agombane na muuzaji uso kwa uso. Wewe utakuwa umelipa wapagazi, meli mpaka Mkoani, gari ya kuipandisha Wete, na fundi wa kuifunga, kabla hujajua kuwa haiwaki. Kuirudisha ni kulipa yote hayo tena, kisha ukaambiwa fundi wako ndiye aliyeiharibu. Ahadi ya "isipowaka rudisha" kwa mtu wa Pemba haina uzito. Injini yako lazima ipimwe ikiwa bado upande wa pili wa maji. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, na kwa kipimo hicho njia zako nne zinajipanga zenyewe.

Ya rafiki yako wa Chake iondoe. Injini ya 3S ni nzuri, ya chuma, na inavumilia shida. Lakini Noah ya zamani ya SR40 na Noah yako zimefanana jina tu. Ile injini yake imelala chini ya viti vya mbele, imeelekea nyuma, na inasukuma magurudumu ya nyuma. Yako imekaa kwa upana mbele na inavuta magurudumu ya mbele. Giaboksi yake haina pa kukaa kwenye gari yako, na injini itakuwa haina giaboksi. Mshukuru rafiki yako. Laki sita hizo zitakuwa za kutupwa.

Ya fundi wako ina mantiki, nami namwelewa. 2AZ ya Ipsum au Alphard haipigi petroli moja kwa moja ndani ya silinda kama D4, kwa hivyo haina ile pampu ya shinikizo kubwa inayowatisha mafundi. Kazi hiyo inafanyika. Inafanyika vizuri pale mtu anapokuwa na Ipsum nzima imesimama pembeni, akachukua injini, giaboksi, kontroli boksi (kompyuta ya injini), waya zote bila ya kukatwa, pedali na sensa zake, na akawa na fundi umeme wa kuzioanisha na dashibodi ya Noah. Akitia injini tupu ya 2AZ kwenye waya za D4, kontroli boksi yako itakuwa inaamrisha pampu na nozeli ambazo hazipo. Halafu siku taa ya injini ikiwaka, nani pale Wete ataitafuta hitilafu kwenye gari ambayo nusu yake ni Ipsum? Na 2AZ ina bloku ya alumini kama yako, ina ugonjwa ule ule wa boliti, na baadhi ya zile za 2007 hadi 2009 zinakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Utakuwa umeukimbia ugonjwa mmoja ukaukuta kwa ndugu yake. Kwa mtu anayelisha nyumba kwa gari moja, mimi nasema hapana.

Niseme neno juu ya D4, maana imesingiziwa mengi. Inataka usafi. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, hakuna kinachoziosha, na masizi yanaganda hapo mpaka hewa inakosa njia; asubuhi injini inatetemeka, mtu anasema imekufa. Inataka kusafishwa manifoldi kila baada ya muda, kazi ya siku moja. Pampu yake ya shinikizo kubwa haipendi maji wala mchanga, kwa hivyo petroli ya chupa za kando ya njia, ambayo hujui imekaa kwenye dumu gani, usiitie. Pampu ikizeeka inavujisha petroli kwenye oili: ukichomoa kijiti cha oili ukakuta kiwango kimepanda na kinanuka petroli, usiendelee kutembea nayo. Mwenye kuyafuata hayo anaishi na D4 miaka. Kwa hivyo kwako ni D4 kwa D4: kontroli boksi yako, waya zako, maunti zako zinazoishikilia injini, vyote vinabaki.

Zimebaki mbili, ya Gerezani na ya Mwanakwerekwe.

Picha ya injini haikuambii kitu juu ya ndani yake. Injini iliyooshwa kwa dizeli inang'aa, iwe nzima au iwe imepasuka. Ya Gerezani ina bei nzuri, na huenda ni nzuri kweli, imetoka Japani kwenye gari iliyokuwa inakaguliwa kila miaka miwili. Lakini imeshang'olewa, ipo sakafuni, na huwezi kuisikia. Kitu pekee kinachoweza kuitetea ni kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda, nacho kinafanyika hata injini ikiwa chini, maadamu giaboksi na stata vimefungwa na kuna betri yenye nguvu. Plagi zote nne zinatolewa, mlango wa hewa unafunguliwa wote, geji inakazwa kwenye tundu la plagi, stata inapigwa mpaka mshale usipande tena. Zinaandikwa namba nne. Vitabu vya Toyota vinataka tofauti baina ya silinda na silinda isizidi kilo moja kwa sentimita mraba, yaani kama psi 14 kwa zile geji za mafundi wengi. Silinda moja ikiwa chini, inatiwa oili kidogo kwenye tundu lake na kupimwa tena: ikipanda, ringi zimelika, isipopanda, valvu au gasketi ndiyo mbovu. Muuzaji anayekataa geji kwa injini isiyoweza kuwaka, muage.

Ya Mwanakwerekwe ndiyo moyo wangu ulipoelekea, japo imetajwa kwa bei ya juu. Gari bado ipo, imegongwa nyuma, maana yake rejeta na mbele yote havikuguswa. Injini unaweza kuisikia, na giaboksi unaweza kuijaribu. Panda meli uende mwenyewe, na ufike asubuhi kabla hajaiwasha. Ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, ameipasha ili kuficha jambo la ubaridi, basi kaa kitako usubiri ipoe. Iwashe wewe. Sikiliza sekunde za mwanzo, ndipo cheni na beringi zinapojisema. Fungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha, usifungue ikiwa ya moto: maji ya rangi nyekundu au waridi yaliyo safi yanaonesha kuwa mwenyewe alitia kulanti, ile dawa ya rejeta, na matundu ya alumini huenda ni mazima. Maji ya kutu, au yenye utando wa mafuta, ni salamu za ugonjwa kama wako. Iache iwake mpaka feni ya rejeta ijiwashe na kujizima. Kanyaga breki kwa nguvu, tia D, hesabu: inatakiwa ishike mara moja na kwa upole. Tia R, vivyo hivyo. Kama kuna uwanja wa kuisogeza hata hatua chache, isogeze. Kisha pima kompresheni, hata kama umependezwa na sauti.

Kabla ya bei, soma kibati kilichomo kwenye nafasi ya injini na ukilinganishe na chako herufi kwa herufi. Utakuta namba ya modeli, aina ya injini, na mstari wa giaboksi na ekseli. AZR60 ni ya magurudumu mawili na AZR65 ni ya manne. Giaboksi zao haziingiliani. Na Noah za mwanzo za umbo lako zina otomatiki ya gia nne, za baadaye zilikuja na CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Namba za giaboksi zikitofautiana, hata kama muuzaji ataapa, usichukue. Watu wengi wamepoteza pesa hapo, kwa sababu kwa nje vinafanana.

Sasa bei. Amekutajia injini peke yake sh. 2,100,000. Mwambie unataka injini na giaboksi vishuke pamoja, havijaachanishwa. Vikishuka pamoja, tokikonveta, lile duara zito lililo baina yao, halitaguswa. Likifungwa bila ya kuingia mpaka mwisho linavunja pampu ya mafuta ya giaboksi, na mafundi wengi wameua giaboksi nzima namna hiyo. Halafu mwachie alichokuwa nacho na wewe unacho: alteneta, stata, kompresa ya AC, pampu ya usukani. Vyako vinafanya kazi. Vyake atawauzia wengine. Kila kimoja unachomwachia kinapunguza bei, na huyu ni mtu anayetaka kuimaliza gari nzima. Kama hamjafikiana, muulize kama giaboksi anaweza kukupa mali kauli umlipe kidogo kidogo. Kwa watu wanaofahamiana visiwani jambo hili bado lipo, ila liandikwe.

Usivuke sh. 2,200,000 kwa vyote viwili. Sababu ni kwamba bei ya injini siyo bei ya kuhamisha injini. Utataka oili ya injini na filta, oili ya giaboksi ya aina inayotajwa kwenye kijiti chake, kulanti, gasketi za kutolea moshi, plagi, themostati, mikanda, na maunti badala ya zilizopasuka. Ongeza meli, wapagazi na mkono wa fundi. Nimeona watu wakilipa injini kwa pesa yote, kisha wakaifunga kwa oili ya zamani na mpira uliokatika. Na rejeta! Rejeta yako imekunywa maji ya kisima kwa miezi. Maji ya visima vyetu yana chokaa na chumvi, yanakaa ndani ya mirija mpaka inaziba. Waulize bei ya rejeta ya hiyo iliyogongwa. Kama ni safi, ndiyo ninayotaka urudi nayo Pemba kabla hata ya kufikiria rangi au taa. Kama giaboksi yako ilitoa vipande vya chuma, vipo kwenye kipoza cha rejeta ya zamani na kwenye mipira yake, vinasubiri kuingia kwenye mpya. Mipira isafishwe kwa shinikizo au ibadilishwe.

Juu ya dhamana, sisi tuna desturi nzuri kuliko karatasi za maduka, nayo ni khiyari. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi na muuzaji wanaweza kushartiana siku zisizozidi tatu za kukubali au kurudisha, na mbali na hiyo ipo khiyari ya aibu, kitu kikidhihirika kuwa na kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo. Watu wanaijua sana kwenye ng'ombe na viwanja, wanaisahau kwenye injini. Mwombe muuzaji siku tatu, uzitumie hapo hapo Unguja: siku ya kupima, siku ya kushusha na kutazama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, siku ya kupakia. Akikubali, muandike na mashahidi wawili, mtaje namba ya injini. Risiti ya kielektroniki uidai pia. Namba ya injini kwenye kadi ya gari yako itabadilika, na utatakiwa kuipeleka kwa wahusika wa usajili na kwa bima. Bila ya risiti, injini inaweza kuwa ya wizi, na wewe ndiye utakayesimamishwa njiani nayo.

Kabla haijapakiwa, oili na maji vimwagwe, na kila tundu lizibwe kwa mfuko wa plastiki na tepu: la hewa, la moshi, la maji, la kijiti. Isikae sitahani ikapigwa na maji ya bahari. Chumvi kwenye tundu la plagi inaanza kazi siku ile ile.

Nimemuacha shemeji mwisho kwa sababu ndiye aliyekukosesha usingizi. Usimwambie hapana. Mwambie ukweli, na umwambie mbele ya dada yake: "Kaka, pesa hizi ni bangili za dada yako, kwa hivyo nataka uniangalizie wewe." Kisha mpe kazi. Amtafute fundi mwenye geji, waende Gerezani, warekodi video moja isiyokatwa inayoanza kwenye namba ya injini na kuishia kwenye namba nne za kompresheni. Kwenye video ya giaboksi akitoe kijiti cha oili na kukifuta kwenye karatasi nyeupe. Fundi huyo umlipe wewe, na shemeji umlipe udalali wake hata kama hukununua, kiasi cha heshima. Dalali anakula kwa kazi yake. Ukimlipa kwa kukagua badala ya kwa kuuza, umemtoa kwenye kishawishi cha kukusukuma. Kama namba zikija nzuri na za Mwanakwerekwe zikija mbaya, nunua ya Gerezani kwa moyo mkunjufu. Muuzaji wake akikataa geji, shemeji mwenyewe atakuwa ameyaona kwa macho yake, na wewe hutalazimika kumweleza kitu.

Deni la mkeo umeliandika, na umefanya vyema. Liandike pia kuwa bangili zinarudi kwa uzito wa dhahabu, kwa sababu bei ya dhahabu inapanda na yeye alikupa dhahabu.

Ikishafungwa, usiichukue moja kwa moja kwenye mzigo. Iwake pale pale gereji mpaka feni ijiwashe na kujizima mara mbili, izimwe, ipoe kabisa, uongeze kulanti iliyoshuka baada ya hewa kutoka. Nenda peke yako mpaka Konde na kurudi, ufungue boneti, utazame kila muungano. Kesho yake nenda Chake na mizigo isiyolalamika, magunia tu, uangalie mshale wa joto kwenye vile vilima vilivyokushinda. Oili ya kwanza imwage mapema, itatoka na uchafu wote wa kukaa. Abiria wafuate baadaye, na watoto wa skuli wawe wa mwisho kupanda.

Hedi ikishang'olewa, nipigie picha matundu ya boliti za nyuma, karibu na kwenye mwanga wa kutosha, pamoja na kuta za silinda zote nne. Nikiona nyuzi nitakwambia kama ni ya bushi au ya kukata tiketi ya Unguja.